Watu Wasioitikia

Watu wa mume wangu walikuwa hawaitikii. Mangi, mtawala wa ukoo, akimaliza neno lake kikaoni, watu wake wote walinguruma pamoja, "Eeeh," sauti nzito ya kutoka kifuani, ikasikika mpaka kwenye migomba ya jirani. Watu wa mume wangu, waliokaa upande wa kushoto wa ua, karibu na zizi la mbuzi, walinyamaza kimya kana kwamba hawakusikia kitu. Ilibidi Mangi ageuke, awatazame, aulize: "Na watu wa mfereji wanasemaje?" Hapo ndipo mume wangu aliposimama, akasema yale yale yaliyokwisha kusemwa, ila kwa maneno yake, ndipo watu wake nao wakanguruma. Sisi wa upande wa kulia tulikuwa tukiwacheka. Tulisema mvua ikinyesha wale hawaingii ndani mpaka waulizwe kama wanalowa.

Nasema sisi kwa sababu upande wa kulia ndiko nilikozaliwa. Mangi alikuwa kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Nilipelekwa kwa watu wa mfereji kuwa mke wa mshili wao, yaani mzee wa kuusemea ukoo, ingawa huyo mzee wangu alikuwa bado kijana mwenye meno yote. Sikupelekwa kwa mapenzi. Ukoo wao mdogo ulikuwa umekubali kuingia chini ya ukoo wetu mkubwa, na mapatano ya namna hiyo yalitaka kitu cha kuyashikilia, kama ng'ombe anavyotaka kigingi. Kigingi chenyewe kilikuwa mimi.

Mapatano yalitokana na Wajerumani. Walipokuja kutuadhibu walifyeka migomba, wakachoma nyumba, wakaswaga ng'ombe, na walipomaliza wakasema wanataka upande mzima wa mlima Meru uwe na mkubwa mmoja wa kuitwa Bomani. Hawakuwa na muda wa kusikiliza vikoo vidogo vidogo. Watu wa mfereji walikuwa wachache. Babu zao walitoka Kilimanjaro, wakachimba mfereji wao chini ya hapo ambapo sasa pana misheni ya Nkoaranga, wakapanda migomba kando yake, na kwa miaka yote hiyo hawakuwa chini ya mtu. Sasa ilibidi wachague wa kuwa chini yake, nao wakatuchagua sisi. Lakini waliingia kwa masharti. Watakuwa na mshili wao. Watakaa upande wao wa ua. Na hawatahesabiwa kuwa wamekubali neno lolote mpaka waulizwe peke yao na wajibu kwa kinywa chao.

Kaka yangu alikubali masharti yote huku akicheka. Alikuwa anahitaji watu wa kuonyesha Bomani kwamba yeye ni mkubwa kweli, na masharti ya kuuliza swali moja hayakumgharimu chochote. Mimi niliyaona kuwa ni upuuzi. Nilikuwa msichana wa nyumba kubwa, nimezoea kusikia neno la baba likisemwa mara moja na dunia nzima ikiitikia. Nilipofika kwa mume wangu nikakuta mtu ambaye ukimwambia "chakula tayari" anakaa kimya. Mwanzoni nilidhani ananidharau. Nikamwita mara ya pili kwa hasira: "Wewe unakula au huli?" Akasema, "Nakula," akanawa mikono. Alikuwa anangoja kuulizwa! Nilimpasha siku ile mpaka mama mkwe akatoka nje kwa kicheko.

Nilimzoea. Mtu humzoea hata mtu wa hivyo. Alikuwa mpole, hakunipiga, na alijua kuongoza maji. Ungemwona ameinama mferejini, mkono mmoja majini, anasikiliza, kisha anahamisha gogo moja na maji yanakwenda anakotaka. Kihamba chetu, shamba la migomba lenye nyumba yetu katikati, kilikuwa kizuri kuliko cha kaka yangu, nami sikuona haya kumwambia kaka yangu hivyo. Nilizaa pale watoto watatu. Wa kwanza na wa pili wavulana, wa tatu msichana. Mama mkwe alipofariki tulimzika pale pale chini ya migomba, karibu na baba yake mume wangu, kwa kuwa kwetu mtu huzikwa kihambani kwake, na kihamba ni cha watoto wake kwa sababu wazazi wamelala mle.

Boma la Arusha lilipojengwa ndipo nilipoona kwamba lile jambo la kutoitikia halikuwa kichekesho tu. Kila mkubwa alitakiwa apeleke wanaume wa kubeba mawe na chokaa. Waarusha walikuja kutoka Kisongo na pande zote za magharibi, Wameru tukashuka kutoka huku mlimani. Mume wangu alipeleka watu wake mbali na watu wa Mangi. Walitembea peke yao, walilala peke yao, na walipofika kwenye jengo walirundika mawe yao peke yao. Mimi nilikuwa nimewapelekea ndizi, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Lundo la Mangi hapa, lundo la watu wa mfereji pale, na katikati nafasi ya kupita mtu.

Askari akaja, mtu asiyejua la mlimani wala la mtoni, akaona malundo mawili akaamrisha yawe moja. Wakayachanganya. Alipogeuka, mdogo wa mume wangu, shemeji yangu, kijana mwenye damu ya moto, akaanza kuyatenga tena. Alidhani hakuna anayemtazama. Walimlaza kifudifudi mbele ya watu wote akala hamsa ishirini za kiboko. Wanaotaka kujua hamsa ishirini ni nini waulize wazee wao. Nilimwosha mgongo kwa maji ya vuguvugu, naye alikuwa analia kwa aibu kuliko kwa maumivu.

"Kaka," alimwambia mume wangu, "mawe ni mawe. Ukuta ni wa Mjerumani. Sisi tunagombania nini?"

"Hatugombanii mawe," mume wangu akasema. "Wakishatuchanganya hapa, tukirudi nyumbani nani atajua kwamba tupo?"

"Mimi najua kwamba nipo. Mgongo unaniambia."

Nilikuwa upande wa shemeji, na nilisema hivyo wazi. Nilimwambia mume wangu kwamba anawachezea watoto wa watu. Hakunijibu, na kwa kuwa sikuwa nimemuuliza nilijua sababu.

Baadaye walikuja Makaburu. Tuliwaona wakipanda kutoka bondeni na magari yao marefu ya kukokotwa na ng'ombe, wanawake wamevaa kofia za kitambaa zilizofunika mashavu, watoto wekundu wamekaa juu ya magunia. Tulidhani wanapita. Mjerumani alikuwa amewaahidi ardhi, na ardhi waliyoipenda ilikuwa ile yenye maji, siyo ile nyika ya kule chini ambako hata punda analia. Habari zikaanza kuzagaa kwamba Bwana Mkubwa wa Boma anataka kipande cha mlima, ama cha juu ya mfereji, kwenye vihamba vya ukoo wa Mangi, ama cha chini ya mfereji, ambako tulikuwa sisi.

Mume wangu alikwenda kwa kaka yangu. Alirudi amepoa. Akaniambia Mangi amesema jambo hilo litaamuliwa Bomani siku ya shauri, na kila upande utasikilizwa.

"Alisema atakuuliza?" nikamuuliza.

"Hajawahi kuacha kuniuliza."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu mapatano kaka yangu hakuwahi hata siku moja kuacha kugeuka kushoto. Alilalamika, alitania, mara nyingine aliuliza huku anapiga miayo, lakini aliuliza. Nililala vizuri usiku ule, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Siku ya shauri tulishuka wengi. Wanawake hatukuwa na neno la kusema katika mambo hayo, lakini hakuna aliyetuzuia kukaa nyuma na vikapu vyetu. Bwana Mkubwa alikaa kivulini mbele ya ukuta ule ule wa mawe yetu. Kando yake alisimama mkalimani, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, aliyekuwa akitutazama kama tumetoka kukamuliwa pamoja na ng'ombe. Mangi akapewa kiti. Watu wake wakakaa chini upande wa kulia, watu wa mfereji upande wa kushoto, kama nyumbani. Mume wangu alikaa mbele yao. Nilikuwa naona mgongo wake na kisogo chake kilichonyolewa asubuhi ile.

Yalisemwa mengi kwa Kijerumani na kwa Kiswahili. Kiswahili changu siku zile kilikuwa kidogo, lakini jambo lenyewe halikuhitaji Kiswahili kingi. Mkalimani akamgeukia kaka yangu, akasema Bwana Mkubwa anataka kusikia ni ardhi ipi wenyewe wameamua kuitoa. Kaka yangu akasimama. Alisema kwa Kimeru, kwa sauti ya juu, kwamba ardhi iliyo chini ya mfereji, kutoka kwenye mfereji mpaka njia ya magari, hiyo ndiyo itakayotolewa.

Watu wake wakanguruma.

Halafu pakawa kimya. Huo ulikuwa ule ukimya wetu. Sisi wote tuliokuwa tunatoka mlimani tuliujua, hata ng'ombe wa Mangi nadhani waliujua. Ulikuwa nafasi ya swali. Watu wa mfereji walikaa wima, hawakunong'ona, hawakupepesa macho. Mume wangu alikuwa ameshika fimbo yake tayari kusimama. Nilimtazama kaka yangu nikingoja ageuze shingo kushoto. Aligeuza shingo kulia, akakaa.

Mkalimani alingoja kidogo. Alitazama upande wa kushoto, akaona watu wametulia, wanaume wazima, hakuna aliyeinua mkono wala sauti. Akamwambia Bwana Mkubwa neno moja fupi. Bwana Mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavaa kofia yake.

Nilisema kwa nguvu, "Sema!" Mwanamke aliyekuwa kando yangu akanifinya paja. Mgongo wa mume wangu haukusogea. Kama angesimama bila kuulizwa angekuwa mtu tu katika kundi la Mangi, mtu anayepiga kelele baada ya mkubwa wake kusema. Maisha yake yote alikuwa amekataa kuwa mtu huyo. Alikaa akangoja swali lake mpaka askari wakaanza kututawanya, na hata hapo alikuwa wa mwisho kuinuka.

Tulianza kupanda kurudi nyumbani. Tulipovuka mto shemeji yangu alishindwa kujizuia.

"Kwa nini hukusema?"

"Sikuulizwa," akajibu mume wangu.

"Tumepoteza vihamba vyote, kaka!"

"Hatukukubali," akasema. "Kila mtu alisikia kwamba hatukuitikia."

Yule kijana alicheka kicheko kibaya. Kule Bomani hakuna aliyesikia hivyo. Kule Bomani mtu asiyesema amekubali, na katika wenye neno pale, aliyejua desturi yetu alikuwa mmoja tu, yule aliyepewa kiti.

Kesho yake nilipanda kwa kaka yangu peke yangu. Sikumsalimu. Alikuwa amekaa uani anachonga mpini wa jembe, mkubwa wa upande mzima wa mlima, anachonga mpini.

"Najua ulichokuja nacho, dada," akasema.

"Kama unajua, nijibu."

"Ningemuuliza angekataa. Angekataa mbele ya watu wote, na yule Mjerumani angesema, hawa ni wabishi, akachukua juu na chini. Sikumuuliza ili asikatae."

"Ulitoa cha watu ukabakiza chako."

"Nilitoa kimoja badala ya viwili." Akaweka kisu chini. "Na yeye je? Mdomo hana? Pale hapakuwa uani kwangu. Pale palikuwa Bomani. Angesimama akapiga kelele kama binadamu mwingine yeyote!"

"Alikuwa anakungoja wewe. Mlipatana."

"Tulipatana," kaka yangu akasema, na kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. "Lakini wale hawakutaka kamwe kuwa watu wangu, dada. Miaka yote nawauliza kama wageni. Siku ya kuchagua nani aumie, ningechagua nani? Wanaoniitikia?"

Nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, na mke wake akaingia ndani na watoto. Nilipoteremka nilikuwa nimechoka, na kilichonichosha zaidi ni kwamba nilimwelewa. Nilikua katika nyumba ile. Kama ningekuwa mimi niliyepewa kiti, sijui ningegeuza shingo wapi.

Kaburu aliyepewa ardhi yetu alikuja na vigingi na kamba, kisha na majembe ya ng'ombe. Migomba ilikatwa. Sitaeleza siku hiyo yote. Mgomba ukikatwa hutoa maji mengi, na tulitembea katika maji hayo tukibeba vyungu na vitanda. Makaburi yalilimwa pamoja na vihamba. Kaburu hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwa mkono kwamba wanaotaka kumfanyia kazi wanaweza kujenga vibanda pembeni, karibu na mfereji, na wasiotaka waende.

Wengi walikwenda. Wengine walihamia kwa Waarusha, wakaanza kuvaa kama wao, na watoto wao leo wanasema Kimaasai. Wengine walipanda kwa kaka yangu mmoja mmoja. Kaka yangu aliwapokea wote na kuwapa vihamba katika nafasi alizokuwa nazo, kwa sharti jepesi sana. Kihamba cha ukoo hupewa mtu wa ukoo. Aliyekitaka alisimama katika kikao akasema yeye ni wa Mangi, na baada ya hapo alikaa kulia na kuitikia na wenzake. Shemeji yangu alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Alipokuja kutuaga alilia tena, akasema, "Kaka, nina mke." Mume wangu akamwambia aende salama.

Mume wangu alibaki. Alimfanyia Kaburu kazi ya kuongoza maji katika mfereji uliochimbwa na babu yake. Na kila kilipoitwa kikao alipanda mpaka kwa kaka yangu, akakaa kushoto karibu na zizi la mbuzi, na wale wachache waliobaki, watu ambao wangetosha kwenye ngozi moja ya ng'ombe. Sasa kaka yangu hakusahau hata mara moja. Kila neno aligeuka, akauliza kwa heshima kubwa, "Na watu wa mfereji wanasemaje?" Mume wangu alisimama na kujibu, na nyuma yake sauti tatu nne zikaitikia. Upande wa kulia hawakucheka tena. Walitazama chini. Nadhani angependelea wacheke.

Kibandani kwetu mambo yalikuwa mabaya. Mahindi ya Kaburu yalikuwa machache na ya zamani. Migomba hatukuwa nayo, ng'ombe hatukuwa na mahali pa kuwafungia. Mwaka hadi mwaka niligombana na mume wangu kwa jambo lile lile.

"Panda juu, sema neno moja, watoto wapate kihamba," nilimwambia. "Unakufa kwa ajili ya upande wa ua!"

"Nikisema, sisi tumekwisha."

"Sisi nani? Nionyeshe. Mdogo wako yuko juu. Binamu zako wako juu. Umebaki wewe na wazee wasioweza kupanda mlima."

"Basi bado tupo."

"Mimi nataka migomba," nikasema. "Sitaki kuwepo. Nataka migomba."

Alinikata maini kwa ule upole wake. Angenipiga ningejua la kufanya. Nilifikiri kuwachukua watoto na kuondoka nao, lakini watoto ni wa baba yao, na bila neno lake kaka yangu asingeweza kuwapa hata mgomba mmoja. Hiyo nayo ilikuwa desturi, na ya kwetu wote, wa kulia na wa kushoto.

Binti yangu aliugua msimu wa baridi, wakati ule ukungu wa Meru unaposhuka na kukaa. Alikohoa, akaacha kula, akawa mwepesi. Nilimbeba mgongoni mpaka misheni, wakampa dawa wakaniambia apate maziwa na mahali pakavu. Maziwa na mahali pakavu! Nilimrudisha kibandani. Alikufa mchana, baba yake akiwa mferejini, na mimi ndiye niliyekwenda kumwita.

Hatukuwa na pa kumzika. Mume wangu alikwenda kwa Kaburu, akaomba kipande kidogo pale ambapo mama yake alikuwa amelala, pale pale palipopandwa kahawa. Kaburu alikataa. Hakukataa kwa ukali, alieleza kwamba miche ni michanga na mizizi haipendi kusumbuliwa. Kwa hiyo tulimzika kwenye ukingo wa mfereji, kwenye udongo unaotolewa maji yakizibuliwa. Baba yake alichimba mwenyewe. Alichimba kina kirefu kwa sababu alijua jinsi maji yanavyokula ukingo, na nilimwona akiweka kiganja kwenye udongo, akiusikiliza kama alivyokuwa akisikiliza mfereji. Wavulana wangu walisimama wakitazama. Mkubwa alikuwa amekaribia umri wa kutahiriwa. Aliuliza, "Baba, na sisi tutazikwa hapa?"

Baba yake hakujibu, ingawa aliulizwa.

Kikao kilichofuata alituambia tuvae twende sote. Mimi sikuwa na desturi ya kwenda, lakini sikuuliza. Tulipanda mlima, yeye mbele na fimbo, wavulana nyuma yake, mimi mwisho. Uani kwa kaka yangu watu walikuwa wamekwisha kukaa. Hakwenda kushoto. Wazee wawili waliobaki upande ule walimsogezea nafasi, akawapita. Alisimama katikati ya ua, mahali ambapo hakuna mtu husimama isipokuwa mwenye kesi.

Kaka yangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kusema, kitu kuhusu njia inayotakiwa kufagiliwa. Mume wangu hakungoja amalize. Hakungoja kuulizwa.

"Mangi," akasema, "hawa wavulana ni watoto wa dada yako. Nimewaleta. Kuanzia leo ni watu wako. Wape kihamba, watahiriwe na wa kwako, wazikwe na wa kwako. Mimi nimesema."

Shemeji yangu, upande wa kulia, alifunika uso kwa mkono. Kaka yangu akasema polepole, "Na wewe mwenyewe, shemeji? Kuna nafasi yako."

"Mimi sikuja kwa ajili yangu."

Kaka yangu akawaita wavulana wasogee. Aliwauliza mmoja mmoja kama wamesikia maneno ya baba yao, wakasema wamesikia. Akawaonyesha pa kukaa, upande wa kulia, kando ya baba yao mdogo. Kisha akautangazia ukoo kwamba amepata vijana wawili, na kwamba kihamba kilicho nyuma ya nyumba ya marehemu mama yetu kitakuwa chao, na mama yao akae nao.

Ukoo ukanguruma. Ilikuwa ile ngurumo niliyozaliwa ndani yake, na mara hii ndani yake nilisikia sauti moja nyembamba, isiyozoea, inayojaribu kushuka chini ilingane na za wanaume. Ilikuwa ya mwanangu mkubwa. Baba yake naye aliisikia. Aliinamisha kichwa kidogo, akaniambia nimtunzie wavulana, akateremka kwa Kaburu, kwa kuwa maji ya kahawa yalitakiwa kufunguliwa kabla ya jioni.